Waridi la Meza ya Mwisho

Jua lilikuwa linazama na maonyesho ya maua yalikaribia kufungwa. Mpambaji alikuwa amezunguka ukumbi mzima na mdogo wake, akistaajabia kazi za wenzake na kuzikosoa papo hapo.

"Huyu amejaza majani kama analisha mbuzi."

"Dada, umekuja kutazama au kugombana?"

Wakacheka. Kisha wakafika meza ya mwisho, kwenye kona iliyokwisha kuzimwa taa.

Mawaridi saba mekundu, ndani ya chombo cha kioo. Yalipangwa vizuri hata mpambaji hakuona la kukosoa. Lakini hayakunukia. Yalinuka... udongo uliochimbwa sasa hivi.

Na moja lilikuwa limeinamisha kichwa.

Mpambaji yeyote akiona ua linasinyaa, mkono humtangulia. Alitoa mkasi mkobani, akalipunguza shina kidogo, lipate kunywa maji.

Kacha!

Mdogo wake akapiga yowe. Alikuwa ameshika kisigino, damu ikimchuruzika vidoleni. Na shina nalo likatoa tone.

Jekundu.

"Ahsante, mwanangu," sauti ilinong'ona. Bibi mmoja alisimama ng'ambo ya meza. Hawakumwona akija. "Mimi siruhusiwi kukata. Ndugu ndiye hukata. Sasa lirudishe, uende zako. Huyu atabaki."

Mpambaji aliyatazama mashina mengine kwenye kioo. Yote sita yalikuwa yamekatwa upya. Kumbe ndugu sita walikwisha kupita hapa, wakarudi nyumbani peke yao.

Alilikaza waridi mkononi.

"Silirudishi."

"Litakufa kabla ya kesho."

"Bibi, maua ndiyo kazi yangu. Usinifundishe."

Akalitumbukiza kwenye chupa yake ya maji ya kunywa, akamkumbatia mdogo wake kiunoni, wakatoka wakichechemea. Nyuma yao... kicheko chepesi. Hakugeuka.

Sasa ni mwezi wa nane tangu siku ile. Waridi liko dirishani, bado jekundu. Kila asubuhi hulibadilishia maji. Kila jioni chumba hunuka udongo, na mtu hugonga dirisha taratibu, kwa ukucha.

"Gonga mpaka ukucha uishe," humjibu.

Leo shina limeota mzizi. Mmoja, mweupe, mwembamba kama uzi. Mdogo wake anasema miguu imekuwa mizito, kana kwamba inavutwa chini.

Mpambaji alikwenda sokoni. Alinunua chungu kikubwa, akakijaza udongo, akalipanda mwenyewe.

"Kama ni kuota," alisema kwa sauti, ili wa nje asikie, "litaota kwangu, si kwako."

Alisubiri.

Jioni hiyo hakuna aliyegonga.