Kusikiliza kwa Mara ya Tatu

Kanda ilizidi kwa sekunde kumi na moja.

Aliangalia saa ya kupimia muda, akaangalia daftari. Jana, Jumanne, alikuwa ameandika: dakika arobaini na sita, sekunde tatu. Leo saa nne na nusu asubuhi, kanda ileile ndani ya redio ileile ilikuwa imecheza dakika arobaini na sita na sekunde kumi na nne. Haikuwa shida ya betri, redio ilikuwa kwenye umeme. Alipiga mistari miwili chini ya tarakimu hizo, akaona wa pili umepinda, akaufuta na kuupiga upya.

Wasomaji wake walimwita Sikio, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Alikuwa na ukurasa mtandaoni wa maoni kuhusu muziki ambao watu wengi hawakubali kuuita muziki: albamu za kelele tupu, vyuma vinavyosagana, mashine zinazokufa, mayowe yaliyorekodiwa mpaka yakapasuka. Wasomaji walikuwa mia mbili na kumi na wanne, na aliwaogopa wote. Kwa hiyo juu kabisa ya ukurasa aliweka sheria zake, asije mtu akasema anaandika kwa kubahatisha. *Kila kazi naisikiliza mara tatu, mwanzo hadi mwisho, bila kuikata. Baada ya hapo ndipo natoa alama. Kumi ni ya yule nitakayemwomba anisikilizishe tena.*

Hakuwahi kutoa kumi. Albamu ya mtu aliyeburuta mabati nyuma ya gari kwa saa nzima aliipa saba, kwa sababu barabara ilisikika ikibadilika chini ya bati, na ukitega sikio vizuri unajua pale lami ilipoisha. Majokofu kumi na mawili yakinguruma katika chumba kimoja yalipata nane. Kijana mmoja aliyepiga mayowe dakika thelathini aliambulia tatu: *Analia kama mtu anayejua mama yake yuko chumba cha pili.* Kelele nzuri, aliamini Sikio, ina sakafu. Unaanguka, unaanguka, halafu miguu inagusa kitu.

Kanda hii haikuwa na sakafu. Ilikuwa imefika kwenye bahasha isiyo na jina la mtumaji.

"Leo ni nini?" dada yake aliuliza kutoka chumba cha mbele, pini mdomoni. "Kinu kibovu, au paka waliofungiwa kwenye pipa?"

"Haina jina, dada. Hata aliyeituma hakujiandika."

"Aliona haya, maskini."

"Dada!"

"Haya, yaishe. Mimi si nimesomea cherehani tu. Njoo unishikie pindo hili, msomi."

Dada alikuwa fundi wa nguo. Wazazi walipoondoka duniani, ndiye aliyemlea mdogo wake na kumsomesha mpaka chuo kikuu kwa sindano hiyohiyo, na alishona huku akiimba. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, yenye mkwaruzo mwishoni mwa kila mstari, na wateja waliokuja kupimwa dakika tano walikaa nusu saa. Sikio aliwahi kuwaza kwamba sauti hiyo ndiyo pekee duniani ambayo hangeweza kuipa alama.

Alishika pindo. Kisha dada akatoka kwenda kununua uzi, naye akarudi chumbani, akarudisha kanda nyuma kidogo na kuvaa tena hedifoni ili asikie zile sekunde kumi na moja.

Zilikuwa mwishoni kabisa. Kelele ilikatika, kisha ikaja pumzi. Haikuwa pumzi ya mtu aliyechoka. Ilikuwa imebanwa, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya mlango anayetaka kusikia vizuri. Na nyuma ya pumzi, kwa mbali, cherehani ilikuwa inakimbia na dada alikuwa anaimba.

Sikio alivua hedifoni. Nyumba ilikuwa kimya. Dada alikuwa hajarudi. Sponji za hedifoni zilinuka nywele zilizoungua.

Hakuisikiliza mara ya tatu. Alijaribu Alhamisi, kidole kikaganda juu ya kitufe mpaka kikafa ganzi. Lakini alikuwa ameshawatangazia wasomaji kwamba maoni yatatoka Ijumaa, na wazo la watu mia mbili na kumi na wanne wakifungua ukurasa na kukuta hakuna kitu lilimtoa jasho. Ijumaa saa nane mchana alichapisha.

*Baada ya kuisikiliza mara tatu, naweza kusema hakuna mtu ndani ya kelele hii. Ni hasira isiyo na mwenyewe. Haina koo. Mbili kwa kumi.*

Alikagua koma mara nne. Neno "tatu" hakulikagua.

Saa nane na dakika nne, wimbo wa dada ulikatika katikati ya mstari.

Cherehani haikukatika. Iliongeza mwendo. Sikio alisubiri isimame kama inavyosimama mtu anapofika mwisho wa mshono, haikusimama, akatoka chumbani akiwa bado anasema, "Dada, utaunguza mota," na hapo akaona kwamba hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Palikuwa na vidole vya dada. Sindano ilikuwa inapita ndani yake na kutoka, ndani na kutoka, uzi mweupe ukiingia mweupe na kutoka mwekundu, na dada alikuwa amekaa wima, kichwa kimelala nyuma, mdomo umefunguka kupita mahali ambapo mdomo wa mtu hukomea.

Kisha kelele ikaanza. Sikio aliijua papo hapo. Ilikuwa sekunde ya kwanza ya kanda.

Kioo cha kupimia nguo kilipasuka kutoka juu hadi chini. Kelele ikasimama ghafla, na kwenye ule ukimya sauti ikauliza kupitia koo la dada, bila ulimi wala midomo kutikisika:

"Umenisikiliza mara ngapi?"

"Dada?"

Paji la uso la dada lilipigwa juu ya meza ya cherehani kama nyundo.

"Mara ngapi?"

"Tatu," alisema Sikio, kwa sababu ndivyo alivyokuwa ameandika.

Paji likapigwa tena, kwa nguvu zaidi, na jino likaruka, likabingirika sakafuni mpaka kwenye kidole chake cha mguu.

Alikimbia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha fundi redio, mwanamume mfupi mwenye miwani ya kamba, kiziwi wa sikio moja, ambaye watu walimpelekea redio zilizokufa na pia, kwa sauti ya chini, ndugu zao waliosemeshwa na visivyoonekana.

"Binti, kaseti imekwama tena?"

"Dada yangu. Njoo, baba, tafadhali, anajiua."

Fundi aliangalia damu kwenye kidole cha mguu cha Sikio. Hakuuliza zaidi. Alichukua chupa ya maji na kitabu kidogo kilichofungwa kwa mpira, akavuka barabara mbele yake.

Alianza kusoma akiwa mlangoni, kwa sauti tulivu. Alifika katikati ya chumba. Dada aling'oa vidole kutoka kwenye sindano, nyama ikibaki, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa na kumchoma fundi begani mpaka mkasi ukagota mfupa, halafu akamwinua kwa mkasi huohuo, yeye mwanamke ambaye juzi aliomba kusaidiwa kubeba gunia la vitambaa, akamtupa ukutani. Fundi alianguka amekaa. Chupa ilivunjika. Dada akarudi kwenye kiti chake, akakaa wima, mdomo wazi, akingoja.

"Huyu hakutumwa," fundi alinong'ona, ameshika bega. "Aliyetumwa hukimbia maneno. Huyu ana haki yake anaidai. Ulimfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Niliandika tu."

"Nionyeshe."

Fundi alisoma kwenye simu, lenzi moja ya miwani ikiwa na ufa, akapanda juu ya ukurasa zilipokuwa sheria, kisha akashuka tena.

"Hii ya tatu. Ulisikiliza kweli?"

Sikio alinong'ona kitu, macho kwenye vipande vya chupa.

"Binti. Nasikia kwa upande mmoja, usininong'oneze kwa upande mwingine."

"Mara mbili. Niliogopa."

"Mimi nisingekulaumu. Lakini hawa, ahadi ikishaandikwa wanaishika kuliko sisi. Umetangaza sheria mwenyewe, mgeni akaja kwa sheria hiyo, ukamhukumu kabla hujammaliza. Halafu ukasema hana koo."

"Nilikuwa namaanisha..."

"Sasa analo." Alivuta pumzi kwa uchungu. "Msikilize. Yote. Usizibe masikio, usifumbe macho, usimkate. Ukimkata ataanza upya, na koo la dada yako halitafika mara mbili. Akimaliza atakuuliza alama. Usimdanganye. Umeshaona akidanganywa anafanyaje."

Sikio alikaa sakafuni mbele ya dada yake, kwenye vipande vya kioo. Mkono wake, bila yeye kuuambia, ulibonyeza saa ya kupimia muda.

Kelele ikaanza. Dakika ya pili dada alisimama na kujipiga ukutani, kushoto na kulia, kwa mapigo ambayo Sikio aliyakumbuka kutoka kwenye kanda, pale alipokuwa ameandika pembeni mwa daftari *ngoma? mlango?*, na kumbe ulikuwa mfupa. Dakika ya tisa mishipa ya shingo ilikuwa imevimba kama kamba. Dakika ya kumi na saba damu ilianza kuja pamoja na kelele, matone madogo yaliyomrukia Sikio usoni na kwenye midomo, naye hakuyafuta kwa sababu hakujua kama kufuta ni kukata, na macho ya dada, ambayo hayakuwa ya jini hata kidogo, ambayo yalikuwa macho ya dada mwenyewe tangu mwanzo, macho yaliyomsubiri langoni siku ya kwanza ya shule, yalikuwa yanamwangalia na kumwomba, na Sikio aliuma ulimi asiseme *basi*, akauma mpaka akasikia ladha ya damu yake ikichanganyika na ya dada, huku sekunde zikitembea mkononi na majirani wakigonga mlango na fundi akiuegemea kwa mgongo wake uliolowa, mpaka dakika ya thelathini na moja, ambapo lilitokea jambo baya kuliko yote.

Miguu ya Sikio iligusa sakafu.

Chini ya kelele kulikuwa na kelele nyingine, na chini ya hiyo kulikuwa na wimbo wa dada, ule uliokatika katikati ya mstari, ukivutwa taratibu mpaka kila silabi ikawa na urefu wa dakika, na ule mkwaruzo wa mwisho ukawa mpana kama barabara, na Sikio akaelewa kila kitu alichokuwa amekosea: kwamba mbili lilikuwa jibu la mtu aliyesimama mlangoni, kwamba hakuna bati wala jokofu wala mayowe yaliyowahi kumfikisha hapa. Shingo yake ililegea. Aliinamisha kichwa mbele, sikio kwanza, ili asipoteze hata kidogo.

Dada alimwona akiinama.

Dakika ya arobaini na sita kelele ilikatika. Ikaja pumzi iliyobanwa, sekunde kumi na moja, na safari hii Sikio alijua ni ya nani. Ilikuwa yake.

"Ngapi?"

Aliwaza tano. Tano ni namba ya heshima, haimuumizi mtu. Paji la dada likarudi nyuma kidogo, tayari. Fundi akatikisa kichwa.

"Kumi," alisema Sikio.

"Kumi ni ya nani?"

"Ya yule nitakayemwomba anisikilizishe tena."

"Basi nitangoja uniombe."

Vioo vyote vya madirisha vilitoka kwa pamoja, kuelekea nje, na chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua. Dada akaanguka kama nguo iliyoteleza kwenye hanga.

Aliishi. Daktari alikata vidole vitatu, akashona vilivyobaki na kusema kwamba nyuzi za sauti hazishoneki. Fundi aliichoma kanda ndani ya ndoo, mkono mmoja ukiwa umefungwa, na plastiki ilipoyeyuka hakuonekana kufurahi.

"Hii ilikuwa bahasha tu," alisema. "Yeye yuko mahali unapopajua. Chunga mdomo wako, binti."

Sikio aliufuta ukurasa. Redio akaitupa. Dada alijifunza kushona kwa vidole saba na kusema kwa chaki ya ushonaji juu ya mabaki ya vitambaa, na siku moja aliandika kwenye kipande cheusi: *Ile kumi ilikuwa ya kuniokoa?*

"Ndiyo, dada," alisema Sikio. "Ningefanyaje?"

Dada aliliangalia sikio la mdogo wake. Alifuta chaki kwa kiganja. Tangu siku hiyo, kabla ya kulala mchana, alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo, na mdomo wake aliufunga kwa kitambaa cha pamba, mafundo mawili.

Leo saa nane Sikio amekaa sakafuni nje ya mlango huo. Amejiambia amekuja kuhakikisha dada anapumua vizuri. Ameweka sikio kwenye ubao, na saa ya kupimia muda iko mkononi, kwa mazoea tu. Dada anapumua vizuri. Dakika kumi, anapumua. Dakika thelathini na moja. Dakika arobaini na sita. Kwenye sekunde ya kumi na nne, Sikio anasikia mtu kwenye korido akisema neno moja kwa adabu, kama anayebisha hodi ugenini, na inamchukua muda kuitambua sauti kwamba ni yake mwenyewe.

"Tafadhali."

Upande wa pili wa mlango, kitambaa kikaanza kuchanika.