Ndoo Nyuma ya Mlango wa Bafu

Kila jioni, saa kumi na mbili ilipokaribia, Kiherehere alizunguka nyumba nzima akizima pasi, redio na jiko la umeme. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa kuwa binti huyo wa miaka kumi na mmoja hakuweza kupita karibu na kitufe bila kukibonyeza.

Kuanzia saa hiyo hadi saa tatu mtaa mzima hupika, kwa hiyo mita mpya ziliigawia kila nyumba kiasi chake cha umeme. Ukizidisha, mita inalia, kisha inakata. Ikikata mara tatu, inajifunga nusu saa na hata fundi haifungui. Na nusu saa nyumba hii haikuwa nayo. Bibi alikuwa na mapafu mabovu, alipumua kwa msaada wa mashine, na betri ya mashine ilidumu dakika kumi tu.

Jioni moja ya baridi, Kiherehere alitamani kuoga maji ya moto. Akatumbukiza hita kwenye ndoo bafuni, akaiwasha, akafunga mlango.

"Dakika tano tu," alijisemea. "Nani atajua?"

Mita ikalia. Taa zikazimika. Chumbani, mashine ya Bibi ikaanza kupiga king'ora cha betri.

Mjomba wake, fundi umeme, alitoka mbio na tochi. "Nani amewasha kitu?"

"Si mimi, Mjomba!" Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria.

Mjomba akabonyeza kitufe cha mita. Taa zikawaka, mita ikalia, zikazimika tena.

"Mara ya pili hiyo," alisema Mjomba. "Labda ni friji." Akaichomoa.

Kiherehere alichungulia chumbani. Kioo cha mashine kilionyesha dakika nne. Bibi alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili, macho kodo. Hakuogopa kuchapwa, Mjomba hakuwa mtu wa fimbo. Aliogopa Bibi kusikia kwamba ni yeye.

Kidole cha Mjomba kilikuwa kinarudi kwenye kitufe.

"Usibonyeze!" alipiga kelele. "Ni mimi, Mjomba! Hita iko bafuni!"

Mjomba alikimbia, akachomoa hita, akarudi kubonyeza. Taa zikawaka. Wote wawili wakaitazama mita. Haikulia. Chumbani, king'ora kikanyamaza na mashine ikaendelea kuunguruma.

Kiherehere alipiga magoti kando ya kitanda, akilia kwa kwikwi. "Nisamehe, Bibi."

Mjomba aliingia, akakaa chini kando yake.

"Kuwasha hita ni kosa," alisema. "Lakini ile 'si mimi' yako nusura itupotezee Bibi. Mimi hitilafu ya umeme najua kuitafuta. Ukinidanganya, naitafuta mahali ambapo haipo, na dakika zinakwisha. Ukikosea, sema palepale, hata kama unaogopa."

"Nimeelewa, Mjomba."

Bibi alimshika kichwa mjukuu wake. "Hayo maji yenyewe yalipata moto?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Kaoge kabla hayajapoa. Ukimaliza, njoo ukae hapa nami." Akavuta pumzi taratibu. "Mimi pia niliogopa."