Mkebe wa Gobindobhog

Kila alasiri Shiuli aliporudi kutoka shuleni, nyumba ilikuwa kimya. Bibi yake alikuwa bado shambani kwenye viazi, na mama yake alifanya kazi mbali, Delhi. Shiuli alitua mkoba, akanawa miguu, akala wali wa baridi peke yake.

Siku moja alifungua mkebe uliokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na Gobindobhog, ule mchele mfupi unaonukia, aliouweka Bibi kwa ajili ya payesh, uji wa maziwa wa siku ya kuzaliwa ya Shiuli. Harufu ile ilimgusa moyo. Mama alipokuwa nyumbani, jikoni kulinukia hivyohivyo! Shiuli akapika kidogo kwa maziwa, akala, akalia. Kesho yake akapika tena. Mchele ulipokwisha akaingiwa na hofu, akajaza mkebe mchele wa kila siku, ule ambao mpunga wake huchemshwa kabla ya kukobolewa.

"Nani atajua?" alijiambia. Masikini, alijidanganya.

Siku ya kuzaliwa ikafika. Mama alipiga simu kusema hakupata likizo. Shangazi Purobi, jirani yao aliyemkobolea Bibi mchele ule, alikuja kumsaidia Bibi kukoroga maziwa. Walikoroga mpaka mikono ikachoka. Punje zilibaki ngumu, kila moja kivyake, na kunukia hakuna.

Bibi alionja, akatema. "Purobi! Huu ndio mchele ulionikobolea? Umenibadilishia!"

"Mimi, Mama? Gobindobhog yako nilikupa yote, mpaka chenga!"

"Toka hapa! Macho yangu ndiyo mabovu, ulimi bado mzima."

Purobi alijifuta mikono kwa ncha ya sari. "Haya. Mlango huu sitaukanyaga tena."

Shiuli alimtazama akivuka ua. Ni Purobi tu aliyekuja kila jioni kukaa nao, kuwatania na kumsuka nywele. Akiondoka yeye, atabaki nani? Shiuli alikimbia, akamshika sari.

"Shangazi, usiende! Ni mimi. Niliupika nikaula wote."

"Wote? We mlafi we!" Purobi alimaka.

"Mchele ule unanukia kama Mama akiwepo," Shiuli alisema, akaangua kilio.

Hakuna aliyecheka. Bibi alimgeukia Purobi. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea bure."

"Yameisha, Mama. Bandika maziwa mengine." Purobi alikwenda kwake, akarudi na bakuli la Gobindobhog yake mwenyewe.

Safari hii punje zililainika, jiko zima likanukia. Bibi alimlisha Shiuli kijiko cha kwanza, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Uliona ni uongo mdogo, lakini nusura umfukuze mtu mwema. Ukikosea, sema mapema. Mchele ukiisha nitaomba kwa jirani. Lakini ukinificha upweke wako, nitajuaje kwamba humu ndani tunalia wawili?"