Kidole cha Mzuka

"Nimekuuliza mara tatu, Kamanda. Mara tatu! Unanijibu au niongee na ukuta?"

Kamanda alikuwa amempa mgongo, anasuuza vikombe kwenye sinki. Hakugeuka. Mumewe akapiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka, ndipo mwanamke akashtuka.

"Umesema nini?"

"Basi. Sijasema kitu."

"Sasa meza imekukosea nini?"

"Nimesema basi!"

Akabeba mkoba wake, akatoka bila kugusa chai. Ilikuwa asubuhi ya nne mfululizo wanaagana kwa mlango kubamizwa.

Kazini mwanaume huyu walimwita Kasoro, na jina lilimkaa kama shati la kushonwa. Kampuni yao ilikuwa inatengeneza gemu kutokana na tamthilia ya mizuka iliyowakalisha watu sebuleni misimu mitatu. Haikuwa gemu ya vikatuni. Ilikuwa filamu hasa, na waigizaji walewale. Ila kila baada ya dakika moja mbili picha inasimama, maneno yanatokea chini, na mchezaji anachagua: fungua mlango au kimbia, msamehe au mkamate. Ukichagua hivi hadithi inakwenda huku, ukichagua vile inakwenda kule. Kwa hiyo kila tukio lilirekodiwa kwa namna nne, tano. Kasoro alilipwa kupita njia zote hizo na kuandika kila kosa aliloliona.

Na nyota wa gemu alikuwa mke wake wa ndoa. Kwenye tamthilia aliigiza kamanda wa polisi anayepeleleza nyumba zenye mizuka, na hata sokoni watu walimpigia saluti; mumewe naye alishazoea kumwita Kamanda. Aliyecheza naye alikuwa kijana mrefu mwenye sauti nzito, aliyeigiza mzuka aliyempenda kamanda. Huyo kila mtu alimwita Mzuka, mpaka mama yake mzazi.

Sasa fikiria wewe, mwanaume mzima, unakaa kwenye kiti kutwa nzima unamtazama mkeo akikumbatiwa na mwanaume mwingine, mara hamsini, mara sitini, eti uhakikishe picha haigandi. Mwanzoni Kasoro alikuwa anacheka na wenzake. Siku hizi wenzake wakicheka, yeye alivaa spika zake za masikioni.

Kilichomkosesha raha si yale makumbatio. Yale yaliandikwa kwenye mswada. Ni kidole. Kila walipokuwa wote wawili kwenye tukio, kabla Kamanda hajasema neno, Mzuka alimgusa. Mkononi, kiwikoni, mgongoni. Kidole kimoja tu, kisha kinaondoka. Kasoro alipekua mswada mzima, hakukuta mahali palipoandikwa kidole.

Siku hiyo mchana alifika kipande namba mia mbili kumi na nne. Tukio likaisha, sauti ya mwongozaji ikasikika, "Kata!", taa zikapunguzwa. Lakini kamera haikuzimwa. Wale wawili walibaki wamesimama kwenye ngazi za ile nyumba ya mizuka, hawajui kwamba wanarekodiwa.

"Mumeo utamficha mpaka lini?" Mzuka aliuliza.

"Mpaka nitakapoweza."

"Mnalala kitanda kimoja. Atagundua."

"Agundue wapi! Kutwa anatafuta makosa ya watu, akifika nyumbani hana macho." Kamanda akajaribu kucheka, kicheko kikakatika. "Akijua, mimi kwisha."

Akaegemeza kichwa kwenye bega la Mzuka. Picha ikaishia hapo.

Kasoro alirudisha nyuma. Akatazama tena. Akatazama tena.

Kisha akafungua ripoti ya wiki. Kwa muda sasa alikuwa ameona kwamba mkewe anachelewa. Wakati wa kurekodi, mtu mmoja nyuma ya kamera alikuwa anatamka uamuzi wa mchezaji, "Msamehe!" au "Mkamate!", na mwigizaji alitakiwa ageuke papo hapo. Kamanda, akiwa peke yake mbele ya kamera, alikuwa anakaa sekunde nzima, wakati mwingine mbili. Kasoro hakuwahi kuandika. Ni mkewe. Sasa akaandika yote, namba kwa namba:

"Mwigizaji mkuu wa kike anachelewa kuitikia katika vipande arobaini na kimoja. Akili yake haipo kazini. Napendekeza nafasi yake apewe mwigizaji mwingine na vipande virudiwe."

Akabonyeza kutuma kwa mtayarishaji. Akajiambia ni kazi tu.

Kesho yake asubuhi, Kamanda akiwa bafuni, simu yake iliyokuwa kitandani ikatetemeka. Kasoro hakuwa mtu wa kushika simu ya mkewe. Siku hiyo aliishika.

"Leo saa nne, palepale. Usiogope, nitakuwa nje nakusubiri." Jina lililotokea lilikuwa Mzuka.

Akairudisha ilivyokuwa. Kamanda akatoka bafuni, kajifunga kanga kifuani, maji yanamdondoka.

"Leo una ratiba gani?" Kasoro alimuuliza akimtazama usoni.

"Leo? Napumzika. Labda nipite kwa dada."

"Msalimie."

"Zitafika."

Akamwangalia anavyojitia manukato, kisha akatoka kumsubiri kwenye kona ya mtaa, na teksi yake ilipopita akaifuata kwa bodaboda.

Saa nne kasoro dakika kumi alikuwa upande wa pili wa barabara, nyuma ya duka la vioo. Aliona teksi ikimshusha mkewe mbele ya jengo la ghorofa tatu. Aliona Mzuka akimpokea, akamshika kiwiko, wakapanda ngazi. Kasoro alivuka barabara bila kutazama magari. Dereva mmoja akamtukana.

Ghorofa ya pili alimkuta Mzuka peke yake, amekaa kwenye benchi la ukutani na mkoba wa Kamanda mapajani. Kasoro hakusalimia. Alimkamata ukosi wa shati akamnyanyua.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Shemeji! Taratibu, shemeji..."

"Shemeji wa nani? Leo nitakufanya mzuka wa kweli!"

"Niachie shati kwanza. Mimi ni mzuka wa kwenye gemu tu, huku nje ukinipiga naumia."

"Unanitania?"

"Sikutanii. Naogopa." Mzuka alikuwa anahema. "Niue ukitaka, lakini soma kwanza hapo mlangoni."

Kasoro akageuza shingo. Mlango ulikuwa mweupe, na kibao chake kilisomeka: Daktari wa Masikio, Pua na Koo.

Kabla hajauliza, mlango ukafunguliwa. Kamanda akatoka na karatasi mkononi, macho mekundu, akaenda moja kwa moja kuelekea ngazi. Kasoro alikuwa kushoto kwake, hatua tatu tu.

"Kamanda!"

Hakugeuka.

"Kamanda! Mke wangu!"

Mwanamke akaendelea kutembea, anaikunja karatasi. Mgonjwa mmoja aliyekuwa mbali mwisho wa ukumbi aligeuka kutazama ni nani anaita namna ile. Kamanda hakugeuka.

Mzuka akapita upesi, akamgusa kiwiko kwa kidole kimoja. Ndipo Kamanda akasimama, akazunguka, akamwona mumewe.

Vile vidole vyote, vipande vyote alivyovirudisha nyuma, vikampita Kasoro kichwani kwa mkupuo.

"Sikio gani?" aliuliza kwa sauti isiyokuwa yake.

"La kushoto," Kamanda alisema. "Limekufa. Tangu yale mafua yaliyonilaza wiki mbili mwaka jana. Nilidhani litazibuka. La kulia nalo limepungua sana, daktari anasema nivae kifaa."

"Na hukuniambia? Mimi niliyekuuguza?"

"Ningekuambiaje? Kazi yako ni kuandika makosa. Ningekuambia, ungeandika au usingeandika?"

Kasoro akaitazama ile karatasi iliyokunjwa.

"Ungeandika, usiku usingelala. Usingeandika, ungejiona mwizi. Nikasema bora nikuondolee mzigo. Mzuka alishtukia mwenyewe siku ya pili ya kurekodi, akawa ananigusa ili nijue neno langu limefika."

"Mimi nina dada yangu hasikii," Mzuka alisema kwa upole. "Ndiyo maana nikaelewa upesi."

Simu ya Kamanda ikaita ndani ya mkoba alioushika Mzuka, naye akampa. Kamanda akaitazama, akaweka sauti ya nje ili asikie vizuri.

"Kamanda, uko wapi?" Alikuwa mtayarishaji, mama mmoja ambaye hakuwa na salamu ndefu. "Njoo ofisini saa nane bila kukosa. Nina ripoti hapa mezani. Vipande arobaini na kimoja. Imependekezwa nikutoe."

"Nitolewe? Ripoti ya nani, bosi?"

Karatasi zikasikika zikipekuliwa.

"Ya mumeo. Nilidhani mmeshaongea."

Simu ikakatika. Mzuka akainamisha kichwa. Kamanda alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anamtafuta mtu aliyemfahamu zamani.

"Umeandika?"

"Nilikuona kwenye kipande... umemwegemea... ukasema nikijua umekwisha. Nikadhani..."

"Sijauliza ulidhani nini. Nimeuliza umeandika?"

"Nimeandika."

"Ungeniuliza."

"Nimekuuliza kila asubuhi, Kamanda! Nilikuwa naongea, hunijibu!"

"Uliniuliza mgongoni!" Sauti yake ilipasua ukumbi. "Siku zote unaongea nimekupa mgongo, halafu unanuna, halafu unabamiza mlango. Hata siku moja hukuja mbele yangu ukaniangalia ukasema, mke wangu, una nini?"

Akamnyang'anya Mzuka mkoba, akashuka ngazi peke yake.

Saa nane walikuwa ofisini kwa mtayarishaji, Kamanda kwenye kiti cha huku, Kasoro kwenye kiti cha kule. Ripoti ilikuwa imelazwa mezani.

"Nianze na nani?" mtayarishaji aliuliza.

"Na mimi," Kasoro alisema kabla mkewe hajavuta pumzi. "Kuchelewa ni kweli. Nimehesabu, sijaongeza hata kipande kimoja. Lakini ule mstari wa mwisho, wa kumtoa, si kazi. Ni wivu. Nilimwona na mwenzake nikafikiria upuuzi, nikatumia kalamu ya ofisi kumpiga mke wangu."

Mtayarishaji akavua miwani.

"Unajua unachosema? Naweza kukufukuza."

"Najua, bosi."

"Na wewe, Kamanda?"

Kamanda aliweka karatasi ya daktari juu ya ile ripoti. Akaeleza yote, hakulia. Alipomaliza, mtayarishaji aligongagonga meza kwa ncha ya miwani.

"Mwaka mzima mwigizaji wangu hasikii, na mimi sijui," alisema mwishowe. "Ungeniambia ningekuwekea taa ya kuwaka badala ya yule mtu wa kupayuka nyuma ya kamera. Ni taa tu, mwanangu!"

Kamanda akafunika uso kwa viganja.

"Vipande vinabaki. Fundi wa kuhariri atazikata hizo sekunde, hakuna atakayejua. Msimu ujao wa tamthilia siahidi kitu, hilo nitaongea na wenye runinga na sitakudanganya. Kasoro, kuanzia leo huruhusiwi kukagua kipande chochote chenye mkeo ndani. Na barua ya onyo utaipata. Tokeni."

Kwenye korido Kasoro alinyoosha mkono. Kamanda akaupita.

"Nakwenda kwa dada. Usinifuate."

Siku tatu nyumba ilikuwa kubwa kama uwanja. Kasoro alikaanga mayai yakaungua, akayala hivyohivyo. Kila jioni aliandika ujumbe.

"Umekula?"

Hakujibiwa.

"Nimeweka miadi ya kifaa chako kwa daktari, Jumatatu saa tatu. Hata kama hutaki niende nawe, nenda."

Hakujibiwa.

"Nimekosa. Sijui niandike nini zaidi."

Huo ulijibiwa baada ya saa nzima: "Umeshaandika vya kutosha. Njoo useme."

Jumamosi saa tisa alasiri Kasoro aligonga geti la shemeji yake. Dada mkubwa wa Kamanda alimfungulia, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, shemeji. Umekonda. Pita, yuko uani. Na mimi nipo hapa jikoni na dirisha li wazi, usije ukasema hukuambiwa."

Kamanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kamba ya nguo. Kasoro hakusimama nyuma wala pembeni. Alizunguka mpaka mbele, akachuchumaa, nyuso zao zikawa sawa.

"Nimekukosea, mke wangu," alisema.

Kamanda akakunja uso.

"Sijasikia."

"Nimekukosea, mke wangu."

"Ongea, wewe mwanaume. Unanong'ona kama umekuja kuiba."

Kasoro akasimama, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"NIMEKUKOSEA, MKE WANGU! NILISHIKA SIMU YAKO! NIKAKUFUATA KAMA MPELELEZI! NIKAKUANDIKIA RIPOTI! NISAMEHE!"

Jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta. Jikoni sufuria likaanguka, kikafuata kicheko cha dada mtu kisichoweza kujizuia. Kasoro jasho linamtoka, anahema, macho yamejaa.

"Sasa umesikia?"

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," Kamanda alisema, midomo inamtetemeka kati ya kulia na kucheka. "Nilitaka na dada asikie. Siku tatu ananiambia huwezi kusema hilo neno."

Akasimama, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaingia ndani kufungasha begi lake.