Kamba ya Chefu Osée

Ninyi wenzangu wa Bunia, mnaokunywa maziwa asubuhi na kufuta midomo bila kuuliza yametoka kwa ng'ombe gani, kaeni kidogo. Nina habari ya nyumba moja iliyotaka kuharibiwa na wivu. Na wivu wenyewe, mnisamehe, ulikuwa juu ya ng'ombe.

Asubuhi kwenye kilima alichotawala chefu Osée, karibu na mto Shari, zilikuwa tamu. Noëlla, mke wa chefu, aliwasha moto. Elysée, mtoto wao wa pekee, kijana aliyekwisha kuota ndevu, alifungua zizi huku akipiga mluzi. Godelive, dada mkubwa wa chefu na mshauri wake, alimkuna shingoni ng'ombe mmoja jike wa rangi ya majivu. Ungepita hapo ungesema nyumba hii haikosi kitu.

Lakini ilikuwa miaka ile ambayo vita vilikuwa vimekwisha kwa midomo tu. Watu walisalimiana sokoni, na mikuki ilikuwa bado imefichwa katika nyasi za paa. Ng'ambo ya mto walikaa watu wa muzee Philippe, wakulima wa mihogo. Aliyeshikilia amani ya vilima hivyo viwili alikuwa ng'ombe huyo wa majivu, jina lake Kijivu.

Watu walipokutana kuamua shauri, Kijivu aliachwa atembee katikati yao. Alisikiliza, masikio yakicheza, kisha akaenda kulala mbele ya yule aliyesema kweli. Alipoinuka alikamuliwa, na wagomvi wakanywa maziwa yake katika kibuyu kimoja. Bila maziwa hayo shauri halikuisha. Msiniulize alizipata wapi akili hizo, maana bibi zetu nao walimkuta hivyo hivyo.

Sasa, Osée alitawala kwa sauti. Alikaa kwenye kiti chake kikubwa cha mikono na kutoa hukumu watu wakiwa bado wanatafuta mahali pa kukaa. Godelive alikaa kwenye kigoda, akauliza, "Na weye, uliona nini?" kisha akanyamaza mpaka mtu amalize, hata yule wa kigugumizi. Haishangazi kwamba Kijivu alilala mara nyingi mbele ya kigoda.

Osée aliona, na moyo ulimchoma. Aliona wanawake wakipita mbele ya ua wake na vikapu vya karanga, wakienda kwa dada yake.

"Noëlla, unaona? Banapita hapa sawa vile hakuna mutu."

"Si walikusalimia?"

"Walisalimia mulango!"

Siku moja lilikuja shauri la mbuzi. Osée aliamua haraka haraka, kisha akakunja miguu yake ili Kijivu apate nafasi ya kulala. Kijivu akampita, akaenda moja kwa moja kwa Godelive. Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaenea uwanja mzima.

"Yaya, toka kwa kilima yangu," Osée alimwambia dada yake watu walipoondoka.

"Osée, iko ngombe tu."

"Njo vile! Hata ngombe inakuchagua weye!"

Godelive akabeba kigoda chake, akashuka Bunia kukaa kwa binti yake katika mtaa wa Lumumba. Nawauliza ninyi, mtu mzima, mwenye mke na kilima, amfukuze dada yake kwa ajili ya ng'ombe? Lakini wivu ndivyo ulivyo, haumwulizi mtu umri wake.

Osée hakuishia hapo. Alitafuta kamba fupi, akamfunga Kijivu kwenye mguu wa kiti chake, na kamba akaifunika kwa kitambaa kizuri cha kikwembe. Tangu siku hiyo kila alilosema chefu, Kijivu alikuwa amelala mbele yake. Watu walitazamana, wakaogopa kusema. Maziwa yakapungua, kisha yakakauka. Osée akatangaza kwamba mambo ya kibuyu ni ya wazee wa zamani, mashauri yataisha kwa neno lake.

Kiangazi kilipofika, Elysée alivusha ng'ombe kwenda kutafuta majani ng'ambo, kama ilivyokuwa desturi. Makubaliano yalijulikana na wote: ng'ombe wasiguse mihogo. Elysée alisinzia kivulini, ng'ombe wakaingia shambani na kulimaliza. Watu wa ng'ambo wakamshika yeye na kundi lake, bila kumpiga, ili shauri lisikilizwe.

Muzee Philippe akavuka mto na watu wake, wakafika mbele ya kiti cha Osée.

"Chefu, mutoto wako anakula bugali na siye, hatukumugusa. Ngombe zake zilimaliza mihogo yetu. Useme tu ukweli, tukunywe maziwa, tumalize."

Osée alijua ukweli. Lakini aliona macho ya watu wake yakitafuta mahali kigoda cha Godelive kilipokuwa zamani, na wivu ukampanda tena.

"Mulilima mu njia ya ngombe!" alifoka. "Makosa iko yenu! Muone Kijivu iko mbele ya nani!"

Muzee Philippe akainua kikwembe kwa ncha ya fimbo yake. Watu wote wakaona.

"Na kamba hii, chefu, iko ya kazi gani?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Siye tunarudia ngambo," alisema muzee. "Elysée atabakia kwetu mpaka Kijivu atembee na miguu yake. Na vijana wangu, sijui nitabashika mpaka lini."

Jioni hiyo, kwenye vilima vyote viwili, vijana walianza kuchomoa mikuki kwenye paa. Noëlla hakupika.

"Miye niko na mutoto mumoja tu," alimwambia mumewe. "Ulifunga ngombe juu ya wivu ya dada yako. Leo mutoto wangu njo amefungwa."

Asubuhi Osée alishuka Bunia kwa miguu, bila mtu wa kumshikia mwavuli. Alimkuta Godelive akichekecha unga wa mihogo uani.

"Yaya, rudia ku kilima. Banaweza kumuua Elysée. Kuya useme na muzee Philippe, weye banakusikilizaka."

"Na kisha? Batanisifu tena, na weye utanichukia tena. Osée, kiti yako sikuitaka hata siku moja."

Osée akakaa chini kwenye vumbi. "Niliona wivu, yaya. Hata sasa ninaona."

Godelive aliacha chekecheo. Machozi yalimtoka, maana alimpenda ndugu yake huyo mwenye kichwa kigumu.

"Najua. Enda ufungue kamba weye mwenyewe, batu bote baone. Ufuate Kijivu kule atalala. Kule njo utasema."

Osée akarudi, akaifungua kamba mbele ya watu. Kijivu alijinyoosha, hakumtazama. Akateremka kilima, akaingia mtoni, akavuka, akapita katika mihogo iliyoharibika, akalala mbele ya muzee Philippe. Huku vijana na mikuki, kule vijana na mikuki, na chefu Osée ukingoni na viatu vyake vya Jumapili. Akaingia majini navyo.

"Ngombe zetu zilikula mihogo yenu," alisema alipofika, maji yakimtiririka. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilidanganya. Tutalima na siye shamba yenu mpaka irudie."

Kijivu akainuka. Wakamkamua, na maziwa yakatoka. Muzee Philippe akanywa, akampa Osée kibuyu. Elysée akaletwa, mzima, na Noëlla akavuka maji akilia kumkumbatia.

Lakini walipotaka kurudi, Kijivu alikataa kuwafuata. Walimwita, hakugeuka. Mmoja akaleta kamba, na Osée mwenyewe akamzuia. Tangu siku ile mashauri ya kilima yanasikilizwa ng'ambo. Kile kiti kikubwa hakivuki mto, kwa hiyo chefu anakaa kwenye majani.

Godelive alirudi mvua zilipoanza. Katika shauri la kwanza aliuliza, akanyamaza, akasema alilosikia. Kijivu akaja, akataka kulala mbele yake, pale pale Osée alipokuwa ameketi. Watu wote wakamtazama chefu. Uso wake haukuwa na furaha, siwadanganyi. Lakini alisogea.

FUNZO

Wewe unayeongoza, iwe kilima, kanisa, ushirika au nyumba yako tu, usimwonee wivu anayekusaidia kuona. Watu wakimpenda mshauri wako, hawajakunyang'anya kitu. Ukimfukuza ili usifiwe peke yako, utabaki na sifa za kufungwa kamba, na watakaolipa ni watoto wako. Wivu unaweza usikutoke, kwani Osée anao hadi leo. Ukiusikia unakuja, sema ukweli na usogee, mwenzako apate nafasi.