Mwanamke Anayenuka Moshi

— Virginie, unanuka moshi.

Apollinaire alisema hayo akiwa ameketi kwenye kochi, mguu juu ya mguu, simu mkononi. Mchumba wake alikuwa amesimama juu ya meza ya chakula, mikono juu, akifunga taa ya tatu kwenye dari. Mwanamume mwenye haya angeishika meza isitikisike. Yeye alishika pua.

— Iko moshi ya kazi, Virginie alijibu bila kugeuka. Nilikuambia. Kikapu yenye haikupita mu moshi, badudu banaikulaka.

— Bon, bon. Maliza tu. Ba collègues banafika saa nane.

Taa zenyewe zilikuwa vikapu vidogo vya kuvulia samaki, kazi ya Wagenia, wavuvi wa mtoni. Virginie alivikata mdomo, akavifuma upya, akavining'iniza juu ya moto wa kuni jikoni kwa mama yake wiki tatu nzima hadi vikawa vyeusi kidogo. Ukiwasha balbu ndani, ukuta mzima ulijaa mistari ya mwanga.

Kabla yake, salon ile ya Apollinaire, mtaani Makiso, ilikuwa na kochi la mtumba lililochanika, viti vinne vya plastiki na kalenda ya mwaka uliopita. Kochi alilivalisha upya. Mito aliishona kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye cherehani yake. Kioo alikizungushia vipande vya kibuyu. Apollinaire alichangia kalenda, basi.

Msimcheke Virginie kwa kumtumikia mtu wa namna hiyo. Alimpenda, na alikuwa na sababu. Miaka mitatu nyuma, Apollinaire akiwa hana kazi, alimbebea cherehani kichwani kutoka sokoni hadi kwao, mtaa wa Mangobo, mvua ikiwapiga wote wawili. Siku ile Virginie alimpa moyo wake. Tangu apate ofisi, hakumbebea hata mwavuli. Lakini familia zilishakubaliana, mahari yangetolewa mwezi wa nane, na mama Augustine, mama yake Virginie, alishazoea kumwita mukwe wangu.

Taa ya tatu ilipowaka, Apollinaire alimwomba mchumba wake apitie mlango wa nyuma. Akaoge kwao, alisema, watasalimiana siku nyingine. Virginie akakunja kamba zake akapitia mlango wa nyuma.

Jumatano alikuwa anashona suruali ya shule alipofungua WhatsApp. Kwenye status ya mwanamke asiyemjua vizuri aliona taa zake, mito yake na kioo chake. Chini yake kulikuwa na maneno haya ya kuita wateja:

«DÉCO FORTUNÉE. Idée yangu, mukono yangu. Commande iko ouverte.»

Alipiga simu hapohapo.

— Apollinaire, Fortunée ni nani?

Apollinaire alikohoa kwanza.

— Ni camarade wa chuo. Alisoma Kinshasa. Iko na présentation, anapendeza mbele ya batu.

— Iko na présentation ya kazi yangu.

— Chérie, sikiliza. Directeur wa ofisi mwenyewe, papa Benoît, alifika na bibi yake, aliuliza nani alifanya. Ulitaka niseme nini? Kama ni fiancée wangu, anashonaka ku barabara ya Mangobo, anakaushaka vikapu mu jikoni ya mama yake?

— Ndiyo. Ungesema vile.

— Bangenicheka, Virginie.

Akaendelea kueleza kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Mke wa Directeur alitaka taa kumi na mbili kwenye baraza lake, zitundikwe haraka, maana baada ya wiki sita binti yake angepokea komunyo ya kwanza na jiji zima lingekuja. Apollinaire naye alikuwa anatafuta cheo, na cheo kilikuwa mkononi mwa papa Benoît. Mpango wake ulikuwa mwepesi kabisa: Virginie atengeneze, Fortunée apeleke.

— Kesho utakuwa bibi ya mukubwa, alisema. Bibi ya mukubwa hapandaki ku meza.

— Nani anapanda, basi? Mwambie huyo Fortunée wako afanye mwenyewe.

— Atafanya. Atanunua vikapu mupya, atapaka vernis, itang'aa kuliko ya kwako.

Virginie alikuwa na haki ya kunyamaza. Hakunyamaza.

— Vernis iko ya macho tu. Badudu batabaki ndani. Wiki tatu mu moshi, Apollinaire. Ninakuambia mara moja.

— Moshi iko mambo ya kijiji.

Sikio la kufa halisikii dawa. Virginie alikata simu.

Mama Augustine alitaka uchumba ufe jioni ileile. Mwanamume anayeficha mikono yako, alisema, kesho ataficha na uso wako. Virginie hakubisha. Aliomba subira moja tu.

— Ninataka ataje jina yangu, mama. Mbele ya batu, mara moja. Akitaja, nitaolewa. Asipotaja, nitajua.

Siku ya komunyo ikafika. Apollinaire alimpa mchumba wake masharti kama anayempeleka mtoto hospitali: avae kitenge kipya, aoshe nywele mara mbili, asiongee sana. Nywele aliziosha. Lakini vikapu vingine vilikuwa juu ya moto kwao, na moshi wa kuni haujali sabuni.

Baraza la papa Benoît lilipendeza, tuseme ukweli. Taa kumi na mbili ziling'aa kama viatu vya bwana harusi. Fortunée, amevaa miwani ya jua kivulini, alikuwa anapokea pongezi na kugawa namba ya simu. Apollinaire alimkalisha Virginie pembeni, akamtambulisha kwa watu wawili kama «mutu wa nyumbani», kisha akakimbilia meza ya mkubwa.

Lituma ya ndizi za kupondwa ilipakuliwa, pondu ya majani ya muhogo ikaja kwenye sufuria kubwa, na vijana wa muziki wakawasha spika. Besi ilipiga mara moja, baraza likatikisika. Taa zikatikisika. Unga wa njano ukaanza kunyesha taratibu juu ya meza.

Papa Benoît alitazama sahani yake kwa muda mrefu.

— Fortunée, hii ni nini mu lituma yangu?

— Ni... ni finition, pambo ya mwisho, papa Directeur.

Besi ikapiga mara ya pili. Kikapu kimoja, kilicholiwa ndani kikabaki rangi tu, kikakatika katikati na kutumbukia kwenye sufuria ya pondu. Kijidudu cheusi kikatoka kwenye kipande kilichobaki, kikatembea juu ya kitambaa cheupe kana kwamba naye amealikwa. Muziki ukazimwa.

Mke wa Directeur, mama mzito wa kusema taratibu, alimwita Fortunée mbele. Akamuuliza mbona taa za Apollinaire, alizoziona kwa macho yake, hazimwagi kitu. Miwani ya jua ikavuliwa.

— Mie sijui kitu, madame, Fortunée alisema. Za Apollinaire sikugusa hata moja. Yeye ndiye alisema nipige picha, nikubali commande.

— Kama si wewe, nani alifanya zile?

Macho yote yakamgeukia Apollinaire. Alikuwa amesharudi pembeni kwa Virginie, kiwiko chake kinagusa cha Virginie. Virginie alimtazama. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakuhitaji ujasiri wowote, alihitaji neno moja tu.

— Ni... ni mutumishi mumoja hivi, madame. Wa Mangobo. Jina yake nimesahau.

Virginie alingojea machozi. Hayakuja. Ilikuja dharau, safi, na ikampumzisha. Alimwona mtu huyu jinsi alivyo, kola imepigwa pasi, jasho linamtiririka juu ya mdomo, na akashangaa kwamba kwa ajili yake alipanda juu ya meza.

Mke wa Directeur alikuwa amesogea kupangusa unga uliomwangukia Virginie begani. Akasimama. Akanusa.

— Mwanangu, uko na harufu ya vikapu ya nyanya yangu. Kule Barumbu alikuwa anatundika juu ya moto mpaka vinakuwa nyeusi.

— Wiki tatu, madame, Virginie alisema. Na moto ya kuni, hapana ya makaa.

— Jina yako ni nani?

— Virginie. Nilikuwa fiancée wa Apollinaire. Mimi ndiye yule mutumishi alisahau jina.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali kwa Apollinaire kama wangecheka. Papa Benoît alisukuma sahani yake mbele, akamgeukia Apollinaire.

— Mutu anasahau jina ya bibi yake, dossier yangu ya ofisi ataikumbuka namna gani?

Virginie aliaga kwa adabu, akapanda pikipiki ya abiria mlangoni, akarudi Mangobo.

Ujumbe wa Apollinaire ulianza kuingia kabla hajafika.

«Chérie, nisamehe. Nilichanganyikiwa.»

«Fortunée ndiye mubaya.»

«Nimeweka picha yako ku status. Jina yako ndani, kamili. Angalia.»

«Jibu basi.»

Virginie alisoma yote. Hakuangalia status.

Jumanne mchana Apollinaire alikuja mwenyewe, shati jeupe, viatu vimejaa tope la Mangobo ambalo alikuwa amelisahau kama alivyosahau jina. Alimkuta jikoni nyuma ya nyumba, anageuza vikapu kumi na viwili juu ya moto. Mke wa Directeur alikuwa ameviagiza upya, na safari hii alikuja mwenyewe kuviagiza.

— Mahari iko palepale, Apollinaire alisema. Bajomba yangu biko tayari.

— Bape pole yangu.

— Virginie, sasa batu bote banajua ni wewe.

— Banajua kwa sababu madame aliuliza. Wewe alikuuliza pia. Ulijibu nini?

— Niliogopa.

— Ile siku ya mvua, na cherehani ku kichwa, haukuogopa. Batu bote ba soko balikuwa banakucheka. Ile Apollinaire nilimupenda. Huyu wa Makiso simujui.

Apollinaire alinyoosha mkono amshike. Upepo ukageuka, moshi ukamjia usoni. Akarudi nyuma hatua mbili, na mkono uleule ukapanda wenyewe hadi puani.

Virginie aliona. Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyemaliza hesabu.

Apollinaire alisimama pale, hajui afanye nini na mkono wake. Mwishowe aliuliza jambo la pekee lililobaki kuulizwa.

— Na zile lampe za kwangu? Utakuja kuzitoa?

— Hapana. Zile nilipitisha mu moshi muzuri. Hazitaanguka. Utaoa, utazaa, utazeeka, zitakuwa palepale juu ya kichwa yako.

Apollinaire alingoja aongezewe neno. Virginie akageuza kikapu kilichofuata. Mama Augustine akatokea na mzigo wa kuni mikononi, akakuta mlango wa jiko umezibwa.

— Papa, sogea kidogo, alimwambia. Umesimama mu njia.

Miaka mitatu alikuwa anamwita mukwe wangu.