Nukta Mbili za Dada

Jua likielekea kuzama, mchoraji alitoka mbio kwenda dukani kununua tyubu moja ya rangi nyeupe. Kabatini alikuwa nazo tatu. Tatu nzima! Sasa alikwenda kutafuta nini? Alikwenda kupoteza muda, basi.

Picha ya dada yake ilikuwa imebakiza nukta mbili tu, ndogo kama chembe za chumvi: mwanga wa dirisha ndani ya kila jicho. Nukta hizo huziweka mwisho. Kabla ya hapo picha ni sura; baada ya hapo inakutazama. Lakini dada alikuwa mgonjwa, anaisha kama sabuni, na mdogo mtu akajitia akilini kwamba maadamu picha haijaisha, dada atarudi tu kukaa kitini. Wiki tatu hizo, mara brashi inanyonyoka, mara rangi imegoma kukauka.

"Wewe unanichora au unanijenga?" dada alimtania. "Na makunyanzi usiyaguse. Nimeyapata kwa kukulea wewe."

Aliporudi, mlango wa chumba cha kuchorea ulikuwa wazi.

Harufu ya dawa ya hospitali...

Dada alikuwa kitini, gauni lake la kijani, mikono mapajani.

"Dada! Shemeji kakuacha upande ngazi zote hizo peke yako?"

"Sikuzihisi," akanong'ona. "Maliza."

Mchoraji akacheka kicheko cha mwizi wa sukari. "Leo mwanga mbaya, dada."

"Maliza, baba. Nimechoka kukaa."

Akachovya brashi. Sheria yake ni moja: hachori asichokiona. Akainama amtazame machoni, aone dirisha limekaa wapi.

Halikuwemo.

Jua la mwisho lilimpiga dada uso mzima, kila kunyanzi likaonekana. Mboni zake... nyeusi tii. Kama masizi ya sufuria.

"Dada... mwanga siuoni."

"Najua. Nipe wako."

Mkono uliokuogesha na kukufunga kamba za viatu hauulizwi maswali. Akaweka nukta. Jicho la kushoto.

Baridi ikamchoma usoni, ikapita.

Simu ikatetemeka mfukoni. Shemeji.

"Shemeji yangu..." Sauti ilikuwa imekauka. "Dada yako ametutoka. Saa kumi na moja. Mpaka mwisho alikuwa anaulizia ile picha."

Saa kumi na moja. Saa hiyo yeye alikuwa amesimama dukani, anachagua kati ya tyubu mbili zinazofanana kama mapacha.

Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Mto ulikuwa bado umebonyea... kisha polepole ukainuka.

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Halafu akaenda kunawa. Juu ya sinki kuna kioo, na juu ya kioo kuna taa. Akainua uso. Katika jicho lake la kulia, taa ndogo iliwaka vizuri.

La kushoto lilikuwa tii.

Akapepesa. Akalisugua kwa maji. Tii.

Chumbani, picha ilimtazama kwa jicho moja, jicho lile lile lililokuwa likimngoja mlangoni akitoka shule. Jingine lilikuwa bado giza.

Kiti kikalia. Nyiii...

"Nimechoka kukaa, baba."

"Najua, dada," akanong'ona. "Nisamehe. Nilikuchelewesha."

Akafungua ile tyubu mpya.